Maswali ya wasomaji: Utukutu unaofika gerezani

Katika toleo lililopita tulichapisha maelezo mafupi kuhusu watoto wenye upungufu wa umakini na utukutu uliopita kiasi, hali ambayo wataalamu wa afya ya akili huiita kwa kifupi ADHD. Barua zilitufikia kutoka Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa, na kilichonigusa ni kwamba kadhaa kati yake hazikuhusu watoto hata kidogo. Zilihusu watu wazima walioko magerezani. Nimechagua nne, na nimeondoa kila jambo linaloweza kumtambulisha mwandishi au ndugu yake.

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Uyole na nauza viazi barabarani. Kitinda mimba wangu ana miaka 23 na anatumikia kifungo cha miaka miwili kwa kuiba simu na redio dukani kwa jirani yetu. Tangu utoto wake huyu hakuwahi kutulia. Ukimtuma chumvi anarudi baada ya saa nzima, hana chumvi wala hela, na ukimwuliza anasema alikuta watu wanacheza drafti. Walimu walimchapa mpaka wakachoka. Jumapili iliyopita nilikwenda kumwona, na muda wote tuliozungumza mguu wake ulikuwa unatikisika. Ameshaadhibiwa mara tatu humo ndani: mara mbili kwa kunyanyuka wakati wa kuhesabiwa, na mara moja kwa kusahau jembe shambani, na ameambiwa siku zake za msamaha zitapunguzwa. Muuguzi mmoja tunayesali naye alisoma gazeti lenu akaniambia, "Mama, huyu aliyeandikwa hapa ni kijana wako." Naomba kujua: huu ni ugonjwa kweli, au ni ukaidi? Ni mimi niliyemharibu? Na kama ni ugonjwa, nifanye nini wakati yeye yuko ndani? Ndaga fijo.

JIBU: Marahaba, mama. Naanza na swali lako la pili, kwa sababu naamini ndilo linalokunyima usingizi. Hukumharibu. Tafiti zilizolinganisha mapacha kwa miaka mingi zimeonyesha kwamba karibu asilimia 74 ya tofauti iliyopo kati ya mtu na mtu katika hali hii inatokana na urithi, kama vile kimo kinavyorithiwa. Yapo na mambo mengine yanayoongeza uwezekano, kama vile mtoto kuzaliwa kabla ya wakati au akiwa na uzito mdogo, kuugua malaria kali iliyopanda kichwani, au mama kunywa pombe wakati wa ujauzito, na hapa niseme kwa faida ya wasomaji wote kwamba ulanzi na kimpumu ni pombe kama bia ilivyo pombe. Malezi hayaanzishi hali hii. Yanaweza kuipunguzia makali au kuizidishia, na fimbo, kwa bahati mbaya, iko upande wa kuzidisha.

Kuhusu ugonjwa au ukaidi, kipimo changu cha kwanza ni kumwangalia mtu pale ambapo kutulia kungemfaa yeye mwenyewe. Mkaidi huvunja amri anapoona faida, na hutulia anapoona hasara. Kijana wako anajua kabisa kwamba akinyanyuka wakati wa kuhesabiwa atapoteza siku za kurudi nyumbani, na siku hizo anazitamani kuliko mtu yeyote, lakini bado ananyanyuka. Mtu anayejiumiza hivyo mara kwa mara, kwa jambo dogo lisilomletea chochote, anastahili kuchunguzwa kabla ya kuhukumiwa tena. Wala si mtindo wa juzi. Daktari wa watoto George Still alieleza mbele ya madaktari wenzake mjini London mwaka 1902 habari za watoto wasioweza kudumisha umakini wala kujizuia, ingawa akili zao zilikuwa timamu. Utambuzi wa leo unatumia dalili 18, tisa za kukosa umakini na tisa za utukutu na papara. Mtoto anatakiwa kuwa na angalau sita katika kundi mojawapo, na mtu mzima tano. Dalili kadhaa ziwe zilionekana kabla hajafikisha miaka 12. Zionekane zaidi ya mahali pamoja, tuseme nyumbani na shuleni. Na ziwe zimemvurugia maisha kweli. Kusahau funguo au kuchoshwa na mkutano mrefu si ADHD.

Sasa fikiria gereza lilivyo. Maisha ya mle yamejengwa juu ya kungoja, kukaa bila kusogea, na kukumbuka amri iliyotolewa mara moja tu. Alfajiri wafungwa huchuchumaa kwa mistari wakahesabiwa, na hesabu isipotimia inaanza upya, huku baridi ya Juni ya Mbeya ikipenya hadi mifupani. Kwa mtu wa kawaida hilo ni taabu. Kwa mtu mwenye hali hii, kila dakika ya kuchuchumaa ni pambano: sauti ya ndoo inayoanguka jikoni inamvuta, mwenzake akinong'ona anageuka, goti linaanza kuchezacheza, na kabla hajawaza ameshasimama. Mambo anayoyashindwa tangu darasa la kwanza ndiyo yaleyale anayodaiwa hapo kila siku, na kila anaposhindwa anaongezewa adhabu. Simtetei katika wizi, mama, na wewe mwenyewe hukumtetea. Jirani aliibiwa simu na redio yake, na kijana anapaswa kulijibu hilo. Ila kifungo ni cha kosa la wizi. Si haki kiendelee kurefuka kwa sababu ya goti lisilotulia bila mtu yeyote kuuliza kwa nini halitulii.

Na hilo si maoni yangu peke yangu. Umoja wa Mataifa ulipitisha mwaka 2015 kanuni za chini kabisa za kuwatendea wafungwa, zinazoitwa Kanuni za Nelson Mandela, na kanuni ya 39 inasema kwamba uongozi wa gereza, kabla ya kumwadhibu mfungwa kwa utovu wa nidhamu, uzingatie kama ugonjwa wake wa akili au ulemavu wake wa makuzi umechangia tendo lake, na kwamba tendo lililotokana moja kwa moja na hali hiyo lisiadhibiwe. Kwa hiyo unapoomba kijana wako achunguzwe, huombi upendeleo.

Fanya hivi. Fungua sanduku unakohifadhi vyeti vya watoto, utafute ripoti zake za shule ya msingi. Kwa utambuzi wa mtu mzima hakuna karatasi yenye thamani kuliko hiyo, kwa sababu mfungwa akijieleza mwenyewe anaweza kudhaniwa anatunga, lakini maneno ya mwalimu aliyeandika "ana akili ila hatulii, anasumbua wenzake" yaliandikwa wakati hakuna aliyewaza habari za gereza. Nikiwa kazini niliwahi kuletewa daftari la hesabu la darasa la nne na dada wa mfungwa mmoja aliyekuwa na miaka zaidi ya 30. Swali la kwanza lilikuwa limejibiwa vizuri, la pili vizuri, la tatu liliachwa katikati, na ukurasa wote uliobaki ulijaa michoro ya mabasi, hadi namba za magari na mizigo juu ya kereya. Ukurasa uliofuata ulikuwa hivyohivyo, na uliofuata. Nilijifunza mengi zaidi kwenye daftari lile kuliko katika saa nzima ya maswali.

Ukizipata ripoti, toa nakala, uandike barua kwa Mkuu wa Gereza. Usiandike kurasa tatu. Andika kwamba mwanao ana historia ya kutotulia na kukosa umakini tangu utoto, kwamba unaambatanisha ripoti za shule, kwamba ameadhibiwa mara tatu kwa makosa ya aina hiyohiyo, na kwamba unaomba achunguzwe na mtaalamu wa afya ya akili. Nakala nyingine mpe mhudumu wa zahanati ya gereza, maana rufaa ya kwenda hospitali huanzia kwake. Kwa mkoa wenu, Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya ndiko mahali pa kuulizia wataalamu wa fani hii. Ukikwama, tafuta msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawagusa na walioko magerezani, na huduma hiyo hailipiwi.

Siku ya kumtembelea, usimpe maagizo sita kwa pamoja. Mpe neno moja, mwambie alirudie kwa kinywa chake, kisha mzungumze habari za nyumbani. Na huo mguu unaotikisika, mwache nao. Mara nyingi mtu wa namna hii anasikiliza vizuri zaidi mguu ukiwa unacheza kuliko akili yake yote ikiwa imeshughulika kuuzuia.

SWALI: Kamwene Daktari. Mimi ni askari magereza katika mkoa wa Iringa, huu ni mwaka wangu wa 14 kazini. Nimesoma makala yenu kwa heshima, lakini nina wasiwasi. Wafungwa ni watu wajanja. Wakisikia kuna ugonjwa unaosamehesha makosa, kesho selo nzima itakuwa nao. Hata hivyo nakiri kwamba wapo wachache ambao hata mimi nimeshindwa kuwaelewa: si wakorofi, wana utu, lakini kila wiki wako mbele ya mkubwa kwa kosa lilelile. Ni wangapi wenye hali hii kwa kawaida? Nitamtofautishaje mwenye nayo na anayeigiza? Na nimsaidieje bila kuvunja taratibu za kazi?

JIBU: Nimefurahi kupata barua hii, kwa sababu askari ndiye anayemwona mfungwa saa 24, wakati daktari anamwona kwa dakika 20.

Idadi inategemea sana namna ya kupima. Mwaka 2015 watafiti walikusanya matokeo ya tafiti 42 kutoka nchi mbalimbali, wakapata kwamba karibu asilimia 25 ya wafungwa walikuwa na hali hii. Mwaka 2024 ulichapishwa uchambuzi mwingine uliokuwa mkali zaidi, uliohesabu tu wafungwa watu wazima waliohojiwa ana kwa ana na mtaalamu, na kiwango kikashuka hadi karibu asilimia 8. Kwa gereza lenye watu 400, hiyo ni tofauti kati ya watu 100 na watu 32. Mimi naegemea kwenye hesabu ndogo, kwa kuwa dodoso la kujaza kwa kalamu humkamata hata mtu ambaye tatizo lake ni jingine kabisa. Lakini hata hiyo asilimia 8 ni zaidi ya mara tatu ya watu wazima walioko uraiani, ambao hukadiriwa kuwa asilimia 2 na nusu. Tafiti hizi nyingi zimefanyika Ulaya na Marekani, ambako shule, polisi na magereza havifanani na vya kwetu, kwa hiyo zichukue kama taa ya kukuonyesha mahali pa kutazama, si kama hesabu ya gereza lako.

Kuhusu kuigiza, ni rahisi kuigiza utukutu kwa nusu saa mbele ya daktari, lakini ni vigumu mno kuuigiza kwa miezi sita mbele ya askari, na haiwezekani kurudi nyuma kuuigiza ukiwa darasa la pili. Ndiyo maana tunauliza historia. Mwenye hali hii huonyesha tabia ileile hata mahali ambapo haimletei faida: anapoteza sabuni yake mwenyewe, anaanza kufua shati na kuliacha kwenye beseni, anamkatiza hata anayemletea habari njema kutoka nyumbani.

Kinachonipa wasiwasi zaidi ni wale wanaofanana na wenye hali hii lakini hawanayo. Mtu asiyelala kwa sababu ya msongamano atakuwa msahaulifu na mwenye hasira. Aliyeacha pombe au bhangi ghafla siku alipoingia hatatulia kwa majuma kadhaa. Aliyepigwa kichwani, aliyepitia ukatili, anayeingojea kesi yake kwa hofu, wote hao umakini wao hupungua. Halafu kuna kifafa, na hapa kwetu Nyanda za Juu Kusini jambo hili lina uzito wa pekee. Tegu la nguruwe lipo katika wilaya zetu nyingi, na watu wengi hudhani hatari iko kwenye kitimoto tu. Nyama isiyoiva humpa mtu tegu la tumboni. Lakini mayai ya tegu hilo, yanayotoka na choo cha mwenye tegu na kufika kwenye mikono, maji au mboga, yakimezwa na mtu yeyote, hata asiyegusa nyama ya nguruwe maishani, vifuko vyake vinaweza kujenga ubongoni na kuleta degedege. Si kila kifafa huangusha mtu chini. Ukimwona mfungwa anakodoa macho kwa sekunde kadhaa, ukimwita hasikii, mdomo unatafunatafuna bila chakula, kisha anarudi kana kwamba hakuna lililotokea, usimwandikie kosa la kudharau amri. Huyo mpeleke zahanati siku hiyohiyo.

Kuhusu kumsaidia, hakuna ninachokushauri kinachogusa kanuni hata moja. Mwite kwa jina kwanza, mpaka akuangalie, ndipo utoe amri. Amri iwe moja, na airudie kabla hajaondoka. Wakati wa hesabu mweke mstari wa mbele, karibu na anayehesabu, si nyuma ambako kila kitu kinamvuta. Kazi zenye kuutumia mwili, kama kulima, kuchota maji au kupasua kuni, mpe asubuhi, na mambo ya kuketi yaje baadaye mwili ukiwa umechoka. Vifaa vyake viwe na namba na mahali pake pamoja pa kurudishia, na nyapara aliyetulia apangwe kufanya naye kazi. Akifanya vizuri mwambie palepale. Sifa ya mwisho wa mwezi haimfikii mtu huyu, kama ambavyo adhabu ya mwisho wa mwezi haimfikii.

Niongeze neno kuhusu dawa. Dawa iliyochunguzwa zaidi ni methilifenideti, nayo imo katika mkataba wa kimataifa wa mwaka 1971 wa kudhibiti dawa zinazoathiri akili, kwa hiyo hutolewa kwa cheti cha daktari, na ndani ya gereza ingetakiwa imezwe mbele ya mhudumu, isije ikageuka bidhaa. Nchini Uswidi watafiti walifuatilia watu zaidi ya 25,000 wenye ADHD, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kwamba katika vipindi walivyokuwa wakitumia dawa, makosa ya jinai yalipungua kwa asilimia 32 kwa wanaume na 41 kwa wanawake. Lakini sitaki nikuonyeshe upande mmoja tu. Jaribio jingine liliwahusisha vijana 200 wenye miaka 16 hadi 25 waliokuwa gerezani Uingereza na Uskoti. Nusu walipewa dawa halisi na nusu dawa bandia kwa wiki nane, na matokeo yake, yaliyotoka mwaka 2023, hayakuonyesha tofauti kati ya makundi hayo mawili. Vijana wale walikuwa na mizigo mingine mingi. Kwangu mimi hiyo inamaanisha kwamba kidonge bila mpangilio wa siku, bila usingizi, na bila mtu wa kumfuatilia, hakitafanya kazi ambayo sisi watu tumeshindwa kuifanya.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Rungwe. Nina mwanafunzi wa miaka 9 ambaye ana kila dalili mliyoitaja. Baada ya kusoma kwamba wafungwa wengi wana hali hii, nimeingiwa na hofu. Je, ninafundisha mfungwa wa kesho?

JIBU: Hapana, mwalimu, na naomba sentensi hiyo usiiseme mbele ya mtoto wala mbele ya wazazi wake. Inakadiriwa kwamba karibu mtoto mmoja kati ya 20 duniani ana hali hii, na walio wengi hukua wakawa mafundi, wauguzi, madereva na walimu. Kinachowafikisha wachache mahakamani huwa ni mlolongo: mtoto hafuati somo, anachapwa, anaanza kutoroka, anabaki darasa moja, anaacha shule, anashinda stendi na wakubwa kuliko yeye, na siku moja papara yake inakutana na pochi ya mtu. Mlolongo huo unakatika popote, na wewe umesimama kwenye pingili ya mwanzo kabisa.

Mketishe mbele, mbali na dirisha. Mpe maswali matano badala ya 20, akimaliza mpe mengine matano. Mfanye awe anayefuta ubao na kugawa madaftari, apate sababu halali ya kunyanyuka. Waambie wazazi wampeleke hospitali, na macho na masikio yapimwe kwanza. Na uwaangalie pia wasichana waliokaa kimya nyuma wakitazama nje, maana baadhi yao wana hali hiyohiyo bila utukutu, na hakuna anayewaandikia barua.

Ikitokea mtoto akakutana na sheria, ujue kwamba Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 hairuhusu mtu chini ya miaka 18 kuhukumiwa kifungo. Mbeya kuna mahabusu ya watoto, na ndiko iliko Shule ya Maadilisho ya Irambo. Ripoti ya mwalimu ina uzito mkubwa mbele ya hakimu na afisa ustawi wa jamii, kwa hiyo anza leo kuandika unachokiona, pamoja na tarehe.

SWALI: Shikamoo Daktari. Nina miaka 31. Nilitoka gerezani mwaka jana baada ya kifungo cha pili, sasa ni kibarua kwenye kiwanda cha mbao Mafinga. Rafiki yangu alinisomea makala yenu, nikalia, kwa sababu ilikuwa kama mtu amenichungulia tangu utoto. Nikivuta bhangi kichwa kinatulia, nisipovuta najisikia kama redio tatu zinaimba kwa pamoja. Je, nimeshachelewa kutibiwa? Na nimwambie tajiri wangu?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Hujachelewa. Kuna watu wanaogunduliwa wakiwa na miaka 50. Hizo redio tatu ulizozitaja nitazikumbuka, maana wagonjwa wengi wameniambia jambo hilo kwa maneno mengine, lakini si kwa uwazi kama wako.

Kuhusu bhangi, nakuelewa na sikushangai. Wengi wenye hali hii hujitafutia dawa wenyewe, wengine kwa bhangi, wengine kwa pombe, wengine kwa sigara. Ila utulivu unaoupata ni wa mkopo. Bhangi hudhoofisha kumbukumbu na umakini, ambavyo ndivyo vilivyopungua kwako, na kwa watu wengine huleta kuchanganyikiwa kabisa. Zaidi ya hayo, kwa mtu mwenye vifungo viwili, kukutwa na msokoto mmoja ni njia fupi ya kurudi ulikotoka. Usiiache kimyakimya ukajilaumu siku ya tatu usingizi unapopotea. Mwambie daktari kiasi unachovuta, naye atakusaidia kuipunguza. Hakuna daktari mwenye adabu ya kazi atakayekupeleka polisi kwa kumwambia ukweli wa afya yako.

Mbali na dawa, kuna mambo yanayosaidia ukiyafanya kila siku bila kuruka. Mshahara ukitoka, mpe mtu unayemwamini aushike na akupe kidogo kidogo. Simu yako ilie kengele kwa kila jambo, hata kula. Usikubali mpango wowote, wa biashara wala wa mapenzi, siku hiyohiyo unapoletewa. Sema "nitakujibu kesho," hata kama moyo unawaka. Najua ni rahisi kuandika kuliko kutenda, lakini makosa yako yote mawili, kwa jinsi ulivyoyaeleza katika sehemu ya barua ambayo sikuichapisha, yalitendeka ndani ya dakika zisizozidi kumi tangu wazo lilipokuja. Ungelala nalo usiku mmoja, huenda lisingefika asubuhi.

Tajiri wako si lazima umweleze jina la ugonjwa wala habari za gerezani. Lakini usalama ni jambo jingine. Umesema pia, katika sehemu hiyohiyo ya barua, kwamba wiki mbili zilizopita ulihamishiwa kwenye msumeno wa kupasulia magogo, na kwamba mara moja ulijikuta umegeuka kumwangalia mtu aliyeita huku mkono ukiwa bado kwenye ubao. Kesho asubuhi, kabla mashine hazijawashwa, mwombe msimamizi akurudishe kwenye kupakia na kupanga mbao mpaka utakapokuwa umeonwa na daktari. Mwambie umakini wako si mzuri kwa sasa, inatosha. Kisha nenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Iringa ukaulizie kliniki ya afya ya akili, na usiende peke yako: nenda na yule dada yako mkubwa uliyemtaja humo, kwa kuwa yeye ndiye anayekumbuka ulivyokuwa ukiwa na miaka 8.